Kantangaze au nondo wa viazi? Anza na shingo ya kiwavi

Asubuhi moja niliitoa karatasi ya gundi mtegoni, nikahesabu nondo 34. Wote wa kijivu, wote wadogo kama punje ya mchele, wamelala ubavu na mabawa yamelowa gundi. Chambo kilikuwa cha kantangaze, nondo mharibifu wa nyanya, basi nikaandika daftarini "kantangaze 34" nikaendelea na mengine. Jioni, kwa kuwa lenzi ilikuwa mfukoni na sikuwa na la kufanya, nikawarudia mmoja mmoja. Wengine walikuwa warefu kidogo kuliko wenzao, na rangi yao ilielekea kwenye nyasi kavu kuliko kwenye majivu. Nikawatenga kwa ncha ya sindano: tisa. Niliwashuku kuwa nondo wa viazi, na hadubini ikaja kunithibitishia baadaye. Kilichowaleta kwenye mtego usio wao ni kosa langu mwenyewe. Nitalieleza tukifika kwenye mitego.

Hapa nawaweka bega kwa bega kantangaze, yaani Tuta absoluta, na wale anaochanganywa nao zaidi: nondo wa viazi, Phthorimaea operculella; nondo mwingine wa nyanya anayepatikana mabara ya Amerika, Keiferia lycopersicella; na mmoja ambaye si nondo kabisa bali huharibu jani kwa namna inayodanganya, inzi mchimba majani wa jenasi ya Liriomyza. Wapo na wengine watakaopita njiani.

Msimamo wangu nautoa mapema. Watu wengi huanza na bawa kwa sababu nondo ndiye anayeonekana akiruka, na picha zinazozunguka mtandaoni nyingi ni za nondo. Bawa ndiyo sehemu mbaya kuliko zote ya kuanzia. Anza na jani, nenda kwenye shingo ya kiwavi, halafu bawa lije mwisho kama shahidi wa ziada.

Ukoo mmoja, majina mengi

Jina la kantangaze ni la wakulima wa Tanzania, na ukilitamka polepole utasikia amri ndani yake: kanitangaze. Vitabuni amehamahama zaidi. Edward Meyrick alimwandika mara ya kwanza mwaka 1917 kwa kielelezo kilichotoka Peru, akamwita Phthorimaea absoluta. Akahamishiwa jenasi ya Gnorimoschema, kisha Scrobipalpula, kisha Scrobipalpuloides, na mwaka 1994 akatua kwenye Tuta. Mwaka 2021 uchambuzi mpya wa ukoo huo ukamrudisha alikoanzia. Kwa hiyo ukikuta Tuta absoluta kwenye lebo moja na Phthorimaea absoluta kwenye nyingine, usihesabu wadudu wawili. Mimi nashika Tuta kwa sababu ndilo jina lililozoeleka kwenye vyambo na vijitabu.

Kurudishwa huko kunakumbusha jambo moja: kantangaze na nondo wa viazi ni ndugu wa karibu mno. Nondo wa viazi aliandikwa na Zeller mwaka 1873, na Keiferia akaandikwa na Walsingham mwaka 1897. Wote watatu ni wa familia ya Gelechiidae, ukoo mkubwa wa nondo wadogo wa kijivu na kahawia ambao hata wataalamu huwasogelea kwa tahadhari. Asili yao ni Amerika, na mimea wanayoipenda ni ya familia moja: nyanya, viazi mviringo, bilinganya, tumbaku, mnavu. Ndugu wanaokula chungu kimoja, ndiyo maana unawakuta pamoja.

Je, mahali ulipo hapakusaidii kuchagua? Panasaidia kidogo tu. Keiferia bado ni mdudu wa mabara ya Amerika na visiwa vyake, na ukiwa nje ya huko uwezekano wa kukutana naye ni mdogo. Nondo wa viazi yeye amekwisha kuenea karibu kila penye viazi na joto la kutosha. Kantangaze mpaka mwaka 2005 ulikuwa unaweza kumwondoa kwenye orodha kwa kusema tu "hapa si Amerika Kusini." Mwaka 2006 akaonekana Hispania. Ndani ya miaka michache akawa amezunguka Mediterania nzima, na kabla ya mwaka 2015 kwisha alishafika Afrika Mashariki na India. Hoja ya "hapa hayupo" iliisha uhai kwa kasi hiyo, na wale walioendelea kuitumia walichelewa kumtambua.

Jani linasema nini

Chukua jani lenye doa, liinue juani, litazame kwa chini. Usitazame doa kuukuu lililokauka na kuwa kahawia. Hilo limekwisha kupoteza ushahidi wote. Tafuta doa bichi, lile ambalo bado linapitisha mwanga kama karatasi iliyodondokewa mafuta.

Kwa kantangaze utaona baka pana lisilo na umbo maalumu. Kiwavi amekula nyama ya jani katikati na kuziacha ngozi mbili, ya juu na ya chini, zikiwa zimesimama kama kuta za hema. Ndani yake utaona kivuli cha kiwavi mwenyewe, na pembeni kidogo rundo la kinyesi cheusi. Kinyesi kukusanyika mafungu ni alama nzuri. Kiwavi huyu pia hakai baka moja maisha yake yote: hutoka, hutembea juu ya jani, akaingia pengine, kwa hiyo usishangae ukifungua baka bichi ukalikuta tupu. Jani linalofuata ndiko alikohamia.

Inzi mchimba majani anachora. Funza wake huenda na njia nyembamba inayopindapinda kama mtu aliyechezea kalamu, na njia inapanuka taratibu kadiri anavyokua. Kinyesi chake kinafuata njia kama uzi mweusi. Juu ya jani hilohilo utaona vitobo vingi vidogo vyeupe, kama lililochomwachomwa kwa ncha ya pini. Ni pale inzi jike alipotoboa ili anyonye au atage. Kantangaze hana vitobo hivyo. Shida hutokea funza wengi wa inzi wanapolivamia jani moja na mistari yao kuungana mpaka ikawa baka. Hapo acha umbo, chana ngozi ya jani kwa sindano umtoe aliyemo.

Akitoka, maswali ni mawili tu. Ana kichwa? Ana miguu? Kiwavi wa nondo ana kichwa kigumu cha kahawia, jozi tatu za miguu ya kweli nyuma ya kichwa, na miguu bandia yenye nyama chini ya tumbo. Ukimgusa hujinyonganyonga, mara nyingine akarudi kinyumenyume. Funza wa inzi hana kichwa kinachoonekana wala mguu hata mmoja; ni kifuko cha njano kisichozidi milimita 3 au zaidi kidogo, mwisho mmoja una kidoa cheusi cha ndoano za mdomo kinachoingia na kutoka. Hili halihitaji lenzi kali wala elimu, na linamaliza nusu ya ubishi wote unaousikia kuhusu kantangaze.

Nalitilia mkazo kwa sababu kosa hapa lina gharama. Inzi mchimba majani kwa kawaida huzuiwa na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya funza wake. Anayedhani ni kantangaze akapiga dawa kali huwaua nyigu hao kwanza, na inzi hurudi wengi kuliko walivyokuwa. Upande wa pili, anayemdhania kantangaze kuwa inzi humpa muda wa kuzaliana. Kwa joto la nyuzi 27 kantangaze hutoka yai mpaka nondo kwa siku 24 hivi. Kwa nyuzi 20 huchukua siku 40. Kwa nyuzi 14 huvuka siku 75. Mahali pa joto, mwezi mmoja wa kubabaisha ni kizazi kizima.

Tofauti ya jani kati ya nondo na nondo ni finyu zaidi. Keiferia akiwa mchanga huchimba baka linalofanana sana na la kantangaze. Akikua hubadili tabia: hulikunja jani au huyashona mawili kwa hariri, akakaa katikati na kula kwa kujificha. Ukikuta majani ya nyanya yaliyokunjwa na kushikizwa kwa nyuzi, na uko Amerika, mfikirie yeye kwanza. Nondo wa viazi naye huchimba mabaka kwenye majani ya kiazi, na wakati mwingine hufunga jani kwa hariri. Kwenye nyanya huonekana, lakini si mgeni wa kila siku.

Shingo ya kiwavi

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na hapa ndipo utakapopata jibu bora bila maabara.

Chagua kiwavi aliyekomaa, wa milimita 5 au zaidi. Muweke juu ya karatasi nyeupe. Mwanga utoke ubavuni, usitoke juu kwa juu, maana ngozi yake inang'aa na mwanga wa juu hufuta kila kitu. Lenzi ya mara 10 inatosha. Kama huna, kioo kidogo cha kubana kwenye kamera ya simu hufanya kazi, ila piga picha nyingi kwa sababu hatulii.

Nyuma ya kichwa, juu ya pingili ya kwanza, pana bamba gumu kama kola. Tuliite ngao. Tazama ngao hiyo peke yake, sahau mwili mzima.

Kantangaze ana ngao iliyopauka, rangi ileile ya mwili au inayokaribia. Kwenye ukingo wake wa nyuma kuna mstari mwembamba mweusi uliolala mshazari, na mstari huo haukutani katikati ya mgongo. Mimi huuona kama nyusi mbili zilizokunjwa. Ukishaziona mara moja, hutazisahau.

Nondo wa viazi ana ngao nyeusi ya kahawia yote, kuanzia mbele hadi nyuma, ubavu hadi ubavu. Hapana nyusi, pana kofia. Kichwa chake nacho ni cha kahawia iliyokolea, hivyo kichwa na ngao huonekana kama kitu kimoja cheusi mbele ya mwili uliopauka. Viwavi wawili hawa ukiwaweka kwenye karatasi moja, mmoja wa nyusi na mmoja wa kofia, hutahitaji mtu wa kukuamulia.

Keiferia yuko katikati, na ndiye anayetatiza. Ngao yake imepauka, lakini weusi wake haukuishia ukingo wa nyuma. Unapanda na ubavuni, kiasi kwamba unaona kama fremu iliyokosa upande wa mbele. Kumsaidia mtazamaji, kiwavi wake aliyekomaa huwa na mabaka ya zambarau na wekundu yaliyotapakaa juu ya pingili, mwili mzima ukaonekana wa madoadoa. Kantangaze hana mabaka ya namna hiyo.

Tahadhari sasa, kwa sababu shingo nayo ina siku zake za kudanganya. Kiwavi aliyetoka kujivua ngozi huwa amepauka kote, kichwa na ngao havijapata rangi, na kofia ya nondo wa viazi inaweza isionekane kabisa. Mpe saa kadhaa ndani ya kichupa na kipande cha jani, halafu mtazame tena. Wachanga wa hatua ya kwanza, wale wa milimita moja hivi, waache kabisa. Na usihukumu kwa rangi ya mwili. Kantangaze huanza wa krimu, akawa kijani anapokula, na akielekea mwisho mgongo wake huingia uwaridi. Nondo wa viazi aliye ndani ya kiazi huwa mweupe au wa uwaridi; aliye ndani ya jani huwa na ukijani. Chakula kilichomo tumboni ndicho kinachoonekana, si mdudu. Nimeona picha ya kiwavi wa kijani ikipewa jina kwa uhakika wote na watu watatu, majina matatu, wakati ngao ilikuwa nje ya fokasi.

Kwa ukubwa, kantangaze wa hatua ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, huwa wa milimita 7 au 8. Nondo wa viazi huvuka milimita 10. Kiwavi wa milimita 30 uliyemkuta ndani ya nyanya si yeyote kati ya hawa. Huyo ni funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, na tundu alilotoboa linaingia kalamu.

Nondo mwenyewe

Haya, bawa.

Kwanza jiridhishe kwamba umeshika mtu wa ukoo huu. Akitua, hukunja mabawa kama paa lenye mteremko mkali, mwili ukawa mwembamba kama kijiti. Mbele ya uso pana vipembe viwili vya mdomoni vilivyopinda kwenda juu kama pembe za swala. Vipapasio vyake vina pete za giza na nuru zinazopokezana, na huvilaza nyuma juu ya mwili. Hiki cha mwisho kinamtenga na nondo wa kabichi, Plutella xylostella, aliye karibu na kimo chake: yule akitua hunyoosha vipapasio mbele moja kwa moja, na mgongoni ana mstari wa krimu uliokatwakatwa kama almasi zilizopangwa. Nondo wa nafaka, Sitotroga cerealella, ni wa familia moja na kantangaze na huja kwenye taa, lakini rangi yake ni ya nyasi kavu na hana madoa yaliyokolea. Ukimkuta ndani ya nyumba, itafute nafaka kabla ya kuitafuta nyanya.

Kantangaze ana urefu wa milimita 5 hadi 7, na mabawa yakitandazwa ni kama milimita 10. Ni wa kijivu chenye mng'ao wa fedha, na madoa meusi yamesambaa juu ya bawa la mbele. Nondo wa viazi ni mkubwa zaidi, milimita 12 hadi 16 ncha kwa ncha, na kijivu chake kina unjano. Dume wake huwa na madoa meusi mawili hadi manne juu ya bawa la mbele. Jike, akikunja mabawa, weusi wa kingo mbili hukutana mgongoni na kuchora kitu kama herufi X. Dume pia ana kishungi cha nywele ndefu kwenye ukingo wa mbele wa bawa la nyuma, na ukimfunua kwa sindano utakiona. Keiferia ni wa kijivu chenye michirizi, hana doa la kukumbukwa. Wapo pia wa milima ya Andes, Amerika Kusini, wanaoshambulia viazi, kama Symmetrischema tangolias mwenye baka jeusi la pembetatu kwenye ukingo wa bawa, na Tecia solanivora aliye mkubwa kuliko wote hawa.

Ukisoma aya hiyo unaweza kudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Madoa yote niliyoyataja yamechorwa kwa magamba, na magamba ni vumbi. Nondo aliyeruka siku tatu, akajigonga kwenye majani, akaangukia gundi, amebakiwa na nusu ya uso wake. Bawa lililokwanguka la nondo wa viazi na bawa lililokwanguka la kantangaze ni kama shilingi kwa ya pili. Kipimo nacho kinafaa wawili wakiwa pamoja. Akiwa mmoja peke yake, jicho hujiambia lile linalotaka kuona. Wale tisa wangu nisingewashuku kamwe kama wale 25 wasingekuwa pembeni yao.

Tunda, shina na kiazi

Hapa napita haraka. Kantangaze huingia kwenye nyanya mbichi na iliyoiva, mara nyingi karibu na kikonyo, akaacha vitundu vidogo vyenye kinyesi mlangoni, na huingia pia kwenye vichipukizi na shina. Keiferia naye hupenda kupitia kikonyoni, kwa hiyo tundu la tunda haliwezi kukuamulia kati yao.

Kiazi ndicho kinachoamua. Kantangaze hula majani ya kiazi, lakini kiazi chenyewe kilicho udongoni kwa kawaida hakigusi. Ukikata kiazi ukakuta njia zenye kinyesi, na nje, penye macho ya kiazi, kuna vijirundo vya uchafu vilivyoshikwa na hariri, huyo ni nondo wa viazi au, penye Tecia, ni Tecia, ambaye hula kiazi tu na majani hana habari nayo. Tecia alitoka Amerika ya Kati, akaonekana visiwa vya Kanari mwaka 1999 na Galicia, Hispania, mwaka 2015, kwa hiyo naye ni msafiri.

Mtego na uongo wake

Chambo cha mtego ni harufu ya jike iliyotengenezwa kiwandani, na kila spishi ina harufu yake. Ya kantangaze na ya nondo wa viazi ni kemikali tofauti, hivyo kinadharia kila mtego humwita wake. Lakini ukoo wa Gelechiidae una mamia ya nondo wa kijivu ambao hakuna aliyewaandikia kijitabu, na baadhi yao huitikia mwito usio wao. Mtego unakuambia "njoo utazame." Haukuambii aliyemo ni nani.

Halafu kuna mikono yetu. Siku nilipotega, nilianza na chambo cha nondo wa viazi kwenye mtego wa kwanza, na kwa glovu zilezile nikafungua pakiti ya kantangaze. Harufu ile hushika kwenye mpira kwa muda mrefu na kiasi chake cha kuvuta nondo ni kidogo mno. Kwa hiyo mtego wangu wa kantangaze ulikuwa unaita kwa sauti mbili. Glovu hubadilishwa kila aina ya chambo, na pakiti zilizofunguliwa hazikai kasha moja. Nililijua hilo, sikulifanya.

Kumbuka pia kwamba mtego wa harufu hunasa madume tu, kwa hiyo ile X ya jike wa nondo wa viazi hutaiona humo. Na kutokunasa dume hakumaanishi jike hazai: maabara imeonyesha kwamba jike wa kantangaze aliyetengwa na madume anaweza kutaga mayai yakaanguliwa.

Ukibaki njia panda

Njia ninayoipenda ni kumlea. Jani lenye kiwavi aliyekua nusu weka ndani ya chupa yenye karatasi laini chini, funika kwa kitambaa, ongeza jani bichi la kwanza linaponyauka. Atajifunga, pupa itakuwa ya kijani mwanzoni kisha kahawia, na baada ya wiki mbili hivi kwenye joto la wastani utapata nondo ambaye hajaruka hata mara moja, magamba yote yapo. Hapo bawa linarudisha thamani yake, na una ushahidi wa pande zote: jani alilotoka, ngao uliyoipiga picha, na nondo mzima. Mtie kwenye friji dakika chache kabla ya kumpiga picha, vinginevyo utapiga picha ya ukuta.

Kama ni wa kupeleka kwa mtaalamu, kiwavi usimtumbukize moja kwa moja kwenye spiriti; atageuka mweusi na ngao itapotea. Mzamishe kwanza kwenye maji yanayokaribia kuchemka kwa sekunde chache, ndipo umhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70 au 80. Wa kupimwa DNA ni bora awekwe kando, kwenye ethanoli ya asilimia 95. Nondo aliyenasa usimvute. Kata kipande cha karatasi ya gundi pamoja naye. Kwenye lebo andika tarehe, mahali na, zaidi ya yote, mmea aliotoka. Lebo isiyo na mmea inamfanya mtaalamu aanze kutoka sifuri.

Yeye atafanya kitu ambacho lenzi haiwezi. Atakata tumbo la nondo, alichemshe kwenye mchanganyiko wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 10 mpaka nyama iyeyuke, abaki na viungo vya uzazi, ambavyo ni vigumu na kila spishi ina umbo lake. Dume wa kantangaze ana vibanio viwili vyenye umbo la kidole, vina nywele nchani na kinundu upande wa ndani katikati. Hicho kinundu ndicho kinachotafutwa. Katika ukoo huu, nondo aliyekwanguka hana njia nyingine ya uhakika isipokuwa hiyo au DNA.

Wale wangu walipitia hapo. Kati ya 34, kinundu kilionekana kwa 25. Nimekata ile namba daftarini, nikaandika 25 na 9, na pembeni yake neno moja: glovu.